Jogoo wa Dirishani

Brackby, Norfolk
11 Machi 1984

Dada Enid,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Ron, na kwamba goti lake limetulia. Sisi huku tunajikokota. Doreen anakusalimu. Kifua kimempungua tangu theluji iishe, ila mdomo haujapungua hata kidogo. Keith wetu bado yuko kiwanda cha sukari na mkewe ni mjamzito tena. Mzee Thaxter amemwachia mwanawe shamba, na huyo kijana anaendesha trekta kama anayefukuzwa na polisi. Mimi naangalia tu kutoka uani, maana mgongo ulinistaafisha kabla ya siku zangu.

Kukaa bure ni ugonjwa, kwa hiyo Doreen alininunulia ile mashine ya kutafutia vyuma ardhini. Ni fimbo ndefu yenye sahani mwishoni. Unaipitisha juu ya udongo, na penye kitu inalia masikioni. Anasema hakuninunulia kwa mapenzi, alitaka nitoke jikoni mwake. Mpaka Krismasi nilikuwa nimeokota vifungo vya suruali vya kila mwanamume aliyewahi kuchuchumaa Norfolk.

Basi wiki iliyopita nilikuwa Njaa. Hujalisahau shamba la Njaa, lile la kokoto nyuma ya mto, ambalo baba alisema halijawahi kumshibisha mtu. Mashine ikalia sauti tamu, safi, nikapiga magoti na kijiko changu cha bustani. Enid, nilitoa beberu. Ni mdogo kama kidole gumba, amelala na miguu imekunjwa, ana pembe na kidevu chenye ndevu. Ni wa shaba nyeusi iliyogeuka kijani kwa uzee. Nilimpeleka kwa Bi Haverill wa jumba la makumbusho mjini. Akamgeuzageuza chini ya taa, akaniambia, "Bwana Larter, huyu ni wa enzi za Waroma walipotawala nchi hii. Na hakukaa peke yake. Mbuzi, kobe na jogoo walikuwa wanyama wa mungu wao wa wasafiri. Wakiwekwa, huwekwa pamoja."

Aliposema jogoo, nilikaa kwenye kiti bila kukaribishwa. Jogoo wa mama! Yule wa dirishani, ambaye baba alimfukua kwa plau ya farasi mwaka thelathini na nne, palepale Njaa, na mama akamsugua kwa dawa ya kung'arishia shaba kila Jumamosi mpaka macho yakafutika. Miaka yote ile tulidhani ni pambo la bei ya chini la kununuliwa kwenye tamasha.

Sasa sikia. Najua uliondoka naye ulipokwenda Australia. Silalamiki, yaliyopita si ndwele. Lakini Bi Haverill anataka kuwaweka ndani ya kioo pamoja, na ameniahidi kibao chenye jina la baba, kwamba Herbert Larter, mwendesha plau, ndiye aliyewagundua kwanza. Fikiria, Enid, jina la baba ndani ya kioo mjini! Mfunge vizuri kwenye pamba umtume.

Mdogo wako,
Wilf


Adelaide
2 Aprili 1984

Wilf mpendwa,

Nimepata barua yako na nimefurahi kusikia mnajikokota, maana wengine huku hata kujikokota hatuwezi. Goti la Ron limevimba tena. Joto halijatuachia bado, majani ya uani yamekuwa kama mkeka wa zamani. Sandra amepata kazi ya ukarani hospitalini na anajiona daktari. Mwambie wifi Doreen asivute hewa ya baridi asubuhi, na mdomo auachie ufanye kazi yake.

Hongera kwa beberu wako. Ni kitu kizuri, na mtu wa mgongo mbovu anastahili kitu kizuri.

Kuhusu huyo jogoo, sina la kukuambia. Niliondoka na sanduku moja, na ulilibeba wewe mwenyewe mpaka stesheni. Mpe Bi Haverill beberu wako, ataridhika.

Huku mvua inatazamiwa mwezi ujao. Msalimie Keith.

Dada yako,
Enid


Brackby
20 Aprili 1984

Dada Enid,

Salamu kutoka kwetu sote. Mvua imeshika hapa, mashamba yamekuwa uji. Mkwe wetu amejifungua mtoto wa kiume mwenye sura ya Mzee Thaxter, Mungu atusamehe. Doreen alicheka mpaka kifua kikarudi.

Kuna habari kubwa. Kobe amepatikana! Yuko hatua chache tu kutoka alipokuwa beberu. Ni wa mviringo, gamba lake limechorwa mistari kama mkate uliokatwa, na kichwa kimetoka nje kuchungulia. Nilimweka mezani nikaenda kuvua viatu. Niliporudi, Doreen alikuwa na kitambaa na kopo la dawa ya shaba, anasugua.

"Unafanya nini, mwanamke?"

"Namsafisha. Alikuwa kijani, mchafu kama wewe."

"Ule ukijani ndio umri wake!"

"Basi sasa amekuwa kijana. Nishukuru."

Bi Haverill alipomwona alifumba macho kidogo, kama mtu aliyepigwa kofi na mgonjwa ambaye hawezi kumrudishia. Lakini upande wa tumbo haukuguswa, na alisema utatosha. Nikamweleza kwamba jogoo wetu alisuguliwa vivyo hivyo na mama, akajibu hata akiwa uchi kabisa anamtaka. Kijana wa Thaxter, ambaye kisheria vyote ni vyake kwa kuwa shamba ni lake, amekubali vikae makumbusho. Alinipa mkono mbele ya watu baani. Kilichobaki ni wewe.

Unasema huna la kuniambia. Enid, mimi si karani wa forodha. Niliporudi kutoka jeshini dirisha lilikuwa tupu, nikamuuliza mama, akasema, "Kamuulize dada yako." Nilikuuliza ukatoka nje kuanika nguo. Sikuuliza tena kwa sababu nyumba ilikuwa na huzuni zake. Lakini baba alilima kwa plau kwenye shamba la mtu mwingine tangu utotoni mpaka siku alipoanguka nyuma ya farasi, na hana hata jiwe la maana. Hiki ndicho kitu pekee alichowahi kukipata ambacho dunia inakitaka. Beberu na kobe niliwaokota mimi. Jogoo ndiye wa kwake, na bila jogoo hakuna kibao.

Tafuta vizuri kabatini.

Mdogo wako,
Wilf


Adelaide
17 Juni 1984

Wilf,

Nisamehe kwa kuchelewa. Ron alilazwa, wakamfungua goti, wakamrudisha na fimbo na hasira. Baridi imeingia, ninawasha moto jioni. Hongereni kwa mjukuu. Sura hubadilika, msiwe na wasiwasi.

Nimekwisha kukujibu kuhusu jogoo. Hayumo kabatini. Na tafadhali usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Huyo baba unayemwandika kama mtakatifu, mimi nilikaa naye nyumba moja wakati wewe uko Ujerumani unapanga foleni ya chakula cha jeshi. Hukumwona. Kama anahitaji kibao, akitafute mwenyewe huko aliko.

Naomba unijibu jambo moja. Ukuta wa kaskazini wa makaburi ya kanisani bado umesimama? Mtu mmoja aliyetoka huko aliniambia kwamba walitaka kupanua njia ya magari.

Enid


Brackby
9 Julai 1984

Dada Enid,

Pole kwa shemeji. Doreen amemfumia soksi, zitakuja kwa meli. Shayiri imeanza kugeuka rangi na hatujapata mvua tangu nikuandikie mara ya mwisho. Ukuta wa kaskazini umesimama, walipanua njia upande wa pili. Sijui kwa nini unauliza ukuta wakati mimi nakuuliza jogoo.

Nitasema wazi sasa kwa kuwa nimechoka kuzunguka. Nadhani ulimuuza. Nadhani ulimuuza kwa mchuuzi wa vitu vikuukuu kabla ya kupanda meli, na unaona haya. Sema tu! Nitamtafuta huyo mchuuzi, au wanawe. Lakini kuninyamazia hivi, na kumtukana baba aliyekufa, ni kazi ya mtu mwenye chake moyoni. Baba hakuwa malaika. Alikuwa na mkono mzito, hata mimi niliuonja. Lakini alitulisha. Mambo yale ya mwaka arobaini na saba yalimuumiza kuliko unavyojua. Alikuwa mzee wa kanisa na watu walimcheka.

Bi Haverill ananiuliza kila nikienda. Mwanamke yule ana subira, na ana hadithi. Juzi alinionyesha picha ya jogoo mwingine wa shaba aliyechimbuliwa kusini. Alikuwa kaburini mwa mtoto mdogo. Anasema baadhi ya Waroma walikuwa wakimzika mtoto na jogoo ili asipotee njia, kwa kuwa jogoo huwa anajua alfajiri iko wapi. Nikamwambia mama yangu angecheka, maana jogoo wake hakujua hata Jumamosi imefika mpaka asuguliwe.

Haya. Nangoja jibu, si hali ya hewa.

Wilf


Adelaide
5 Agosti 1984

Wilf,

Barua yako niliisoma nimesimama jikoni, kisha nikakaa chini. Ron aliniuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna aliyekufa leo.

Sikumuuza. Jogoo yuko na Hazel.

Sikuwahi kukuambia kwa sababu hukuwahi kuuliza chochote kuhusu yeye, na mimi nilijiapiza kwamba asiyeuliza hataambiwa. Lakini umeniandikia habari za Waroma kwa mzaha, na sitakubali mwanangu azikwe mara ya pili chini ya mzaha.

Alipoanza kuota meno alikuwa hatulii ila kwa yule jogoo. Mama alimsugua Jumamosi, Hazel alimtafuna wiki nzima. Alikuwa akimshika kwa kishungi namna hii, kwa vidole viwili, na akinyang'anywa alilia mpaka akawa mwekundu. Baba hakumpa mtoto hata kijiko. Hakumkaribisha mezani. Tulikula yeye akishamaliza, mimi na mwanangu, jikoni. Hakumwita jina. Akisema, alisema "hicho". Ile ilikuwa nyumba ya kufunika kombe mwanaharamu apite, Wilf. Mwanaharamu mwenyewe alikuwa mwanangu, na akapita kweli.

Ulikuwa mwezi wa pili, ile baridi kuu iliyofunga barabara. Kifaduro kilimshika Jumatatu. Daktari hakuweza kupita kwenye theluji, au hakutaka kupita kwa sababu ya nyumba ile, sikupata kujua. Ardhi ilikuwa chuma. Mzee Nudd mchimba kaburi aliwasha moto wa majani juu ya ardhi ili ilainike, na bado hakufika chini zaidi ya magoti yake. Alilia, mzee yule. Aliniambia, "Nisamehe, Enid, nitarudi ikiyeyuka." Ilipoyeyuka kasisi alisema kaburi liachwe hivyo. Walimweka kando ya ukuta wa kaskazini, karibu na mti wa miiba, bila jiwe, kwa sababu mama yake hakuwa na mume.

Mama ndiye aliyemtoa jogoo dirishani. Alikuja naye mfukoni mwa aproni, akamweka mkononi mwa Hazel kabla ya kufunikwa. Mama hakujua lolote kuhusu Waroma. Alisema tu, "Atamtaka." Tulikuwa mama, mimi, Mzee Nudd na kasisi aliyekuwa akiangalia saa. Baba alikuwa nyumbani anapaka mafuta hatamu za farasi. Farasi hawakuwa na safari yoyote wiki ile.

Basi sasa unajua. Mwambie Bi Haverill lolote upendalo. Kwako nina ombi moja tu, na sikumbuki kama niliwahi kukuomba kitu. Usiende pale na mashine yako.

Enid


Brackby
3 Septemba 1984

Dada mpendwa Enid,

Sijui nianzie wapi. Doreen anakusalimu kwa mapenzi; nilimsomea barua yako akaondoka akaenda kukaa bustani, na siku mbili ameniwekea chakula bila kunitukana, jambo linaloniogopesha. Mavuno yamekwisha. Mjukuu ameota jino.

Masikini dada yangu. Sikujua. Nilikuwa Ujerumani, na barua ya mama ilikuwa na mstari mmoja tu. Mtu wa miaka ishirini anasoma mstari mmoja, anaukunja, anakwenda zake. Kuhusu baba sijui niseme nini. Sikuwepo. Labda mtu akipaka mafuta hatamu ambazo hazina safari, naye ana namna yake ya kulia. Sisemi ndivyo ilivyokuwa. Nasema labda.

Sasa nitakuambia jambo, na ninakuambia kwa sababu sitaki kukuficha, na nadhani ukilisikia lote utafurahi.

Nilikwenda. Usikasirike kabla hujamaliza kusoma. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, Doreen anafua, na kanisani hakuna mtu siku hiyo. Nilikuwa nataka hakika tu, Enid. Miaka thelathini na saba nimeamini jambo moja, na wewe ukanipa jingine kwa karatasi moja. Mtu wa mashine kama mimi anazoea: watu wakikuambia "hapa palikuwa na hiki", unapitisha sahani ndipo unajua. Nilipata mti wa miiba. Nilipitisha polepole. Kwanza misumari, ile sauti mbovu ya chuma, inakatikakatika. Kisha katikati yake, kwa mbali sana, ndogo, safi, ile sauti ya shaba. Nikaizima mashine nikaiwasha tena, ikalia palepale. Yupo. Ulisema kweli.

Na kijiko changu kilikuwa mkononi. Sitakudanganya, nilikuwa nimekishika. Pale si zaidi ya urefu wa mkono wangu, na nikafikiri kibao cha baba, na wale watatu pamoja, na kwamba hakuna ambaye angejua. Nilipiga goti moja. Lakini sikuchimba. Nilirudisha kijiko mfukoni, nikaweka majani vizuri pale nilipokanyaga, nikaenda nyumbani. Sikuchimba, Enid. Mtu mwingine wa chama chetu cha watafuta vyuma angechimba.

Nilitaka ujue kwamba nimelinda heshima ya kaburi la mtoto.

Ndugu yako akupendaye,
Wilf


Adelaide
8 Oktoba 1984

Wilf,

Ron hajambo. Sandra hajambo. Hali ya hewa iko huko nje.

Umesikia misumari. Mimi nilisikia ikipigwa.

Nimeisoma barua yako mara nyingi nikitafuta pale ninapotakiwa kufurahi. Nadhani ni pale unaposema hukuchimba. Unanipa hilo kama zawadi, umelifunga vizuri na pamba. Nilikuomba jambo moja, Wilf. Ulilisoma, ulimsomea mkeo, ukachukua mashine yako ukaenda kunipima kama nasema uongo. Mashine ikakuambia dada yako ni mkweli, na sasa unaniamini. Mtoto wangu amelala pale miaka yote hii bila mtu kumgusa, na mtu wa kwanza kumpigia goti ni mjomba wake mwenye kijiko mkononi.

Umemtetea baba hata hapo. Eti alilia kwa hatamu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Uliwahi kumwona Hazel, umesahau? Ulikuja likizo ya Krismasi na sare yako mpya. Nilikuletea ili umbebe, maana kila mtu alisema ana pua yako. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake. Ulimwangalia baba kwanza. Kisha ukasema sare itachafuka, ukaenda kuleta kuni ambazo hakuna aliyekutuma. Sikukulaumu, ulikuwa mvulana. Lakini wewe si mvulana sasa.

Na kuna jambo lingine. Nimetoa barua zako zote nilizonazo, za tangu nije huku. Zina Keith, zina mbwa wako wote kwa majina yao, zina jina la trekta. Hakuna hata moja yenye jina lake. Hata hii ya mwisho, uliyoandika umetoka kusimama juu yake, inasema "mtoto". Nilikuandikia jina lake wazi ili usipate kisingizio, na bado umelizunguka kama unavyozunguka kinyesi shambani. Umelipata wapi hilo, kama si kwa yule aliyesema "hicho"?

Usiniandikie habari za shayiri. Usiniandikie kabisa, mpaka mkono wako uweze kuandika jina la mpwa wako.

Enid


Brackby
19 Novemba 1984

Enid,

Sianzi kwa salamu kwa sababu hukuzitaka.

Mashine nimempa mtu wa chama. Doreen hakuuliza kwa nini, na kwake hilo ni jambo kubwa.

Alhamisi nilikwenda kwa Bi Haverill. Kioo kimekwisha kutengenezwa. Beberu yuko upande mmoja, kobe upande wa pili, na katikati amemwachia jogoo nafasi, ameiwekea kitambaa chekundu. Kibao kilikuwa mezani kwake, kimeandikwa kwa penseli kinasubiri kupigwa chapa. Nilikisoma. "Jogoo aligunduliwa mwaka 1934 na Herbert Larter, mwendesha plau wa Brackby." Sijawahi kuona jina la baba limeandikwa vizuri namna ile. Hata kwenye cheti chake cha kifo walikosea herufi.

Akaniuliza, "Haya, Bwana Larter. Dada yako amesemaje? Jogoo yuko wapi?"

Nikamwambia hakuna jogoo.

Akasema, "Lakini uliniambia mama yako alikuwa akimsugua."

Nikamwambia nilichanganya. Nikamwambia alikuwa pambo la tamasha, la bati, lilivunjika zamani tukalitupa, na baba hakuwahi kufukua kitu chochote Njaa isipokuwa kokoto. Nadhani hakuniamini, lakini yeye ni mtu wa ushahidi na mimi sikuwa nao. Akasema, "Inasikitisha." Akachukua kifutio akafuta mstari ule mbele yangu, polepole, akapuliza vumbi lake. Kisha akasogeza beberu na kobe wakaribiane ili pengo lisionekane.

Hilo ndilo nililofanya. Usinishukuru, sikulifanya kwa moyo mweupe. Nilirudi kwa basi nimekukasirikia. Yule mzee alikuwa baba yangu. Ulichoniambia juu yake nakiamini, na bado alikuwa baba yangu, na alinifundisha kushika plau, na sina mwingine.

Umetaka niliandike. Hazel. Hazel Larter, mpwa wangu, ambaye sikumbeba. Sasa jina la mwanao nimeliandika, na la baba nimelifuta.

Wilf